Selo Katika Harusi ya Mdogo Wangu

Harusi ya mdogo wangu ilikaribia kuvunjwa na fidla, tena ile fidla kubwa ya kukumbatiwa magotini, wanayoiita selo. Miaka hiyo ya hamsini kikundi cha muziki cha mtaa wetu wa Mkomani, hapa Lamu, kilikuwa kimenogewa na mtindo wa Misri. Washona nguo na waashi waliojifunza muziki baada ya kazi wakaona hawatoshi mpaka waletewe mwongozaji kutoka Mombasa, bwana wa kupunga kijiti, pamoja na mpigaji selo wake. Mjomba, mkuu wa kikundi, ndiye aliyewaalika. Onyesho lao wakaliweka harusini kwetu, na sisi wenye harusi hatukuulizwa.

Wanaume walikaa uani, sisi wanawake juu, nyuma ya mapazia. Mdogo wangu, bibi harusi, alikuwa chumba cha ndani, macho chini, hasemi, kama ada inavyotaka. Mama mkwe wake, aliyetoka kisiwani Pate, nilimkalisha penye upepo. Ndoa hii aliikubali shingo upande, na alishatuonya kwamba akidharauliwa hata kidogo, mwanawe anarudi naye Pate siku hiyohiyo.

Mwongozaji alianza kwa kukataza vigelegele. Harusini! Nikavumilia. Kisha akawanyamazisha wengine wote, selo ipige peke yake, bila mwimbaji.

Labda kwao muziki usio na maneno ni muziki tu. Kwetu kila wimbo una mtu wake wa kusemwa. Lahani ile wanawake wa Lamu walikwisha kuitia maneno zamani, juu ya mama mkwe apimaye mchele wa mkaza mwana kwa kijiko cha chai. Na mama mkwe wetu, Mungu anisamehe, mkono wake wa birika ulijulikana visiwa vyote. Hakuna aliyefungua kinywa, lakini kila mmoja aliumaliza ubeti moyoni, kisha akamtazama yeye.

"Nyimbo hini aambiwa nani?" akauliza.

Wote wakageuza macho. Afadhali wangemdanganya.

Nikashuka ngazi mbio mpaka mlango wa uani, nikamvuta mjomba kanzu. "Mjomba, mwambie ule bwana wa selo anyamae!"

"Mgeni hakatizwi," akanijibu, wala hakugeuka. Wanaume wakashangilia, kijiti kikapanda, na selo ikaanza upya tangu mwanzo. Nilitamani nikitwae kile kijiti nimpige nacho mjomba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa. Siku ile mwenyeji alikuwa taabani.

Niliporudi juu, mama mkwe amesimama mlangoni mwa chumba cha ndani, buibui lake mkononi, wanawake wamejazana nyuma yake. Nikajua tumekwisha.

"Mwanangu," akamwambia bibi harusi, "usikiye walonambia?" Alitaka kujua kama naye ameyasikia yale matusi.

Kwa ada bibi harusi hajibu. Hiyo ndiyo heshima yake. Nami nilimjua mdogo wangu, mwoga hata wa jogoo. Nikafungua kinywa nimwombee radhi, lakini mdogo wangu akainua kichwa mbele ya watu wote.

"Nisikiye fidla, mama," akasema. "Maneno sikusikia."

Mama mkwe akanipa mimi lile buibui nilitundike, akaketi kitandani ubavuni mwa bibi harusi.