Samaki wa Amira

Hebu mfikirie Gaudensia akiingia dukani kwa Sadalla asubuhi. Mama wa miaka thelathini na minane, vidole vina wino, baiskeli kaiegemeza nje, mkononi bahasha ya kaki yenye kadi zake mpya. Anasalimia, anauliza bei ya penseli ambayo anaijua vizuri, na huku macho yanatembea kwenye rafu. Anaangalia kama samaki wamepungua.

Samaki wenyewe si wa kula. Ni migebuka waliochorwa kwenye kadi na binti anayeitwa Amira, aliyekuja mjini mwaka jana kutoka Kapalamsenga, kando ya ziwa. Gaudensia amechora kadi miaka kumi na moja. Alianza kwa kuwachorea walimu wa Kawajense zana za kufundishia kwenye karatasi za manila, mara muhindi na mizizi yake, mara moyo wa binadamu. Baadaye zikaja kadi za kipaimara, kisha za harusi. Maua yake ya msituni ukiyaona pembeni mwa kadi, huulizi kayachora nani. Ndipo akaja mtoto wa juzi na samaki wake wanaozunguka nafasi ya majina ya maharusi, na watu wakacheka, halafu wakanunua.

"Mama Yohani," Sadalla alimwambia Gaudensia siku moja, "kila ukiondoka hapa, samaki wanahamia nyuma ya madaftari. Wanakuogopa?"

"Labda wanatafuta maji," akajibu, akatoka bila penseli.

Yote hayo angeyameza. Lililomkaa kooni ni kadi za Mama Cecilia wa Mwamkulu. Binti yake Happiness alichorewa kadi ya kipaimara na Gaudensia, na siku ile Cecilia alisema mbele za watu kwamba hata ya harusi itatoka mkono uleule. Harusi ilipofika, kadi mia moja zikaenda kwa Amira. Ukiikosa kazi ya Cecilia umeikosa Mwamkulu nzima, maana akina mama wa kule wanamtazama yeye.

Amira hakuwahi kuchora kadi za harusi nyingi hivyo. Akaenda mwenyewe nyumbani kwa Gaudensia, Kawajense, kuuliza.

"Shikamoo dada. Samahani, nimeona kadi zako pale chini zina singo na dabo. Na mimi niandike?"

Wewe unajua, kadi bila neno hilo ni mlango bila komeo. Singo anaingia mmoja, dabo wawili, na kamati inapika kwa hesabu hiyo. Gaudensia aliitazama kadi aliyoileta Amira. Mistari ilikuwa myembamba kama unywele, magamba yamepigwa moja moja. Roho ikamuuma hasa, kwa sababu ilikuwa nzuri.

"Achana nayo," akasema. "Itakuharibia mchoro. Watu wanajua wenyewe."

"Asante, dada yangu. Wengine wangenificha."

Siku ya harusi watu wakaja na kadi moja nyumba nzima, shemeji na wajukuu ndani. Pilau likaisha kabla upande wa bwana harusi haujanawa mikono. Shangazi mmoja wa kuumeni akasikika akisema, "Basi turudi kwetu, ugali tuliuacha." Cecilia alimtafuta Amira, akamkuta nyuma ya turubai, hatua tatu kutoka alipoketi Gaudensia na sahani yake imejaa.

"Nani alikwambia uache singo na dabo?"

Amira alimwangalia Gaudensia. Alimwangalia vizuri tu, bila haraka. Kisha akainamisha kichwa.

"Ni mimi, mama. Nilisahau."

Wiki iliyofuata maua ya Gaudensia yalirudi rafu ya mbele, na dada yake Cecilia akaagiza kadi sitini. Ungedhani sasa atapumua. Lakini kijicho hakikutoka, kilibadilisha kiti tu. Kwanza aliuonea kijicho mkono wa Amira, sasa anauonea ule ukimya wake. Anajiuliza binti mdogo vile aliutoa wapi, na kwa nini yeye, mtu mzima, hakupewa. Hata rangi zikimkaa vizuri anaona kama ameazima.

Jana jioni Amira alibisha hodi Kawajense. Hakuleta lawama. Alileta karatasi ya manila na kalamu, akaviweka mezani kati yao.

"Shikamoo dada. Nimepata harusi nyingine, ndogo tu, ya mtu ambaye hajasikia yale ya Mwamkulu. Nionyeshe, singo na dabo zinakaa kona ipi?"

Gaudensia akaishika kalamu. Kona anaijua hata akifumba macho. Ila kabla ya kona kuna neno moja la kuomba radhi linalotangulia, na Amira amekaa analingoja, au pengine halingoji kabisa.

Ungekuwa wewe umeishika hiyo kalamu, ungeanza na lipi, kona au lile neno?