Kipepeo Aliyetugombanisha na Mtani Wangu

Mtani wangu wa Hombolo amefariki, wasomaji wangu, tumemzika Jumamosi. Mimi Mnyamwezi, yeye Mgogo, kwa hiyo msininunie nikimsifu na kumsema kwa pamoja. Nilipopigiwa simu nilijibu kwamba huyo bibi anakwepa tu mjadala. Maana mjadala tulikuwa nao, na ulikuwa wa kipepeo.

Nyie wote mnamjua. Yule wa mashambani, ukubwa wa kiberiti, anapita chini chini kwenye majani kama kachelewa kazini. Mimi nikibeba kreti za zabibu shambani kwa bibi nilikuwa nakutana naye kila mstari, nikasema ni wa rangi ya chungwa, mbawa zina ukingo mweusi. Bibi, ambaye miguu ilishamgomea, alikuwa anafunga matawi ya mizabibu kwa kamba akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Yeye akasema ni wa njano, na huo weusi nimeuota. "Mtani, nyie mmezoea mizigo, jasho limekuingia machoni." Nikamjibu kwamba Mgogo anajua rangi za ng'ombe tu, hao wadudu atuachie sisi. Tukawekeana ahadi. Akishindwa yeye, ataniamkia shikamoo mbele ya watu, bibi mzima. Nikishindwa mimi, siku ya msiba wake nitalia mpaka Ihumwa wasikie. Alijua anachokifanya. Kazi ya mtani msibani ni kuchekesha. Mtani anayelia anaaibisha ukoo.

Tumebishana misimu mitatu. Msimu uliopita nikateguka mguu, nikakaa chini kando ya ndoo yake. Kipepeo akaja, akatua kwenye ua mbele yetu, akafunga mbawa. Njano, kama kiini cha yai la kienyeji. Akaruka: chungwa, na ukingo wake mweusi. Kumbe juu ya mbawa ana rangi moja na chini nyingine, na akitua hazifungui hata umbembeleze. Mimi mpita njia nilikuwa namwona akiruka. Bibi kwenye ndoo yake alikuwa anamwona akitua. Nikamtazama. Alikuwa anafunga kamba zake. Na mimi nikafunga mdomo, maana kulia sikutaka.

Jumamosi nikakalia rundo la udongo, nikazuia wasifukie kaburi, kama mtani anavyotakiwa, nikaungama yote mbele ya watu. Wakacheka, hata mchungaji aliinamia kitabu chake. Binti wa bibi akanisogelea.

"Mama alijua zamani," akaniambia. "Siku ile ulivyonyamaza alicheka mpaka jioni. Alisema mkikubaliana, utakuwa unakuja kubeba kreti na kuondoka."

Nikalia. Nililia vibaya, kamasi na kila kitu, na watu wakazidi kucheka, wakasema Mnyamwezi huyu kazi ya utani anaijua. Niliwaacha waamini hivyo.

Basi nawaambia wenzangu wabishi: ukigombana na mtu juu ya kitu ambacho nyote mnakiona, kakae kidogo kwenye ndoo yake. Na ukishaona alichokiona, mwambie angali anafunga kamba, usingoje udongo.

Ila mtani, kipepeo ana chungwa pia. Mimi nimeshalia. Shikamoo yangu bado naisubiri.