Niliivalisha Hadi Diski Kitambaa cha Kroshia

Kosa ni langu, msinitafutie wakili. Mimi ni yule anayehesabu chenji mara mbili, ya kwanza mbele ya mwenye duka, ya pili nikifika mlangoni. Lakini safari hii hesabu ilinipita mchana kweupe, na aliyekaribia kulipa si mimi.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana mkilisikia haraka mtadhani ni jambo la kuchekesha. Ni la kuchekesha, ndiyo. Mimi siku ile sikucheka.

Yalitokea miaka ya tisini, Hopkins, kule Minnesota, Marekani, nilikokuwa nikikaa na binti wa mama yangu mdogo. Nimwite Mwanaidi, si jina lake. Mimi nilikuwa nikiuza mikoba kwenye lile jumba kubwa la maduka Bloomington. Yeye alikuwa chuoni akisomea uchoraji wa majengo, na muhula ule wa kumalizia Desemba ndio ulikuwa wake wa mwisho. Michoro yake ilikuwa mizito, haiingii kwenye disketi hata uisukume kwa goti. Akahitaji hadi diski ya nje, kile kisanduku cha kuhifadhia kazi kinachounganishwa na kompyuta kwa waya.

Nikamwambia aniachie mimi. Katika nyumba ile, kununua kitu bila mimi ilikuwa kama kula bila kunawa.

Tukaenda Eagan kwa Mzungu mmoja wa makamo aliyekuwa akiuza kompyuta kuukuu gerejini kwake. Nikambana. Nikakishika kisanduku, nikakigeuza, nikasikitika kwa niaba yake, nikaondoka mpaka kwenye gari, nikarudi. Alipokubali bei yangu alikuwa na uso wa mtu aliyenyolewa bila maji.

Ndipo akasema kisanduku kile hupata joto sana, kwa hiyo kisifunikwe kamwe, na ni afadhali nichukue na feni ndogo ya mezani ya kukipulizia. Feni yenyewe ilikuwa pale pale, na bei yake. Alisema kweli tupu! Lakini mimi nimekulia mtaa wa biashara. Najua ukinunua nazi, muuzaji atakukumbusha na mbuzi ya kukunia. Nikamshukuru, nikamwachia feni yake.

Njiani nilimcheka mpaka tukafika Hopkins. Mwanaidi hakucheka.

"Na kama ni kweli, dada?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba wasema kweli hawafungui gereji.

Sasa, sisi watu wa Mombasa mnatujua. Kitu hakikai uchi sebuleni. Televisheni ina kitambaa chake, redio ina chake, simu ina chake, hata mikono ya kochi imevaa. Mama mdogo, mamake Mwanaidi, alitufumia seti nzima ya kroshia kwa mkono wake, nyeupe, kila kimoja na ua la waridi katikati. Basi katikati ya arusi yote hiyo kikaja kile kisanduku, cha kijivu, kimenuna kama tofali lililofiwa. Mimi sikuona kifaa cha masomo. Niliona aibu mbele ya wageni.

Na wageni walikuwa wanakuja. Kina mama wa kwetu tulikuwa na desturi ya kutembeleana kwa zamu, pilau na habari, na Jumamosi ile zamu ilikuwa yangu. Jumatatu yake Mwanaidi alitakiwa kuonyesha mradi wake mbele ya walimu. Asiyeonyesha hahitimu. Mama mdogo alishakata tiketi kuja kumwona binti yake na joho, yeye ambaye hajawahi kupanda ndege maishani. Na kazi yote ilikuwa ndani ya tofali lile, nakala nyingine hakuna.

Asubuhi Mwanaidi aliiacha kompyuta ikikamilisha mchoro wa mwisho, maana mashine za enzi zile zilichora kama mtu anayelipwa kwa kutwa, akaenda maktaba. Alinisihi nisizime kitu.

Sikuzima. Nilifunika tu.

Wageni wakakisifu kitambaa. Tukiwa katikati ya pilau nikasikia harufu ya kuungua. Nikakimbilia jikoni, nikafunua sufuria, pilau iko salama. Nikarudi sebuleni, harufu iko sebuleni. Nikainua kitambaa. Loo! Ua la waridi limekuwa rangi ya chai, na kisanduku kina moto kama chuma cha chapati. Kwenye skrini jengo la Mwanaidi limegandia katikati, ghorofa zipo, paa hakuna.

Mwenye akili angezima, akaacha kipoe. Mimi nilikuwa na akili ya Minnesota. Roshani ya Desemba kule ni friji ya bure. Soda zetu tuliziweka nje, nyama nje, hata supu ya jana nje. Nikachomoa nyaya, nikakipeleka kisanduku nje, nikakilaza baina ya soda na mguu wa mbuzi. Nikarudi kumimina chai. Kina mama wakafungua kisa cha arusi moja ya St. Paul ambako bibi arusi alichelewa kuliko mapambo, na kisa kile kilikuwa na matawi.

Nilipokumbuka, kisanduku kilikuwa barafu. Nikakirudisha ndani, kwenye joto la hita na mvuke wa chai, kikafanya vile inavyofanya miwani ukiingia ndani kutoka kwenye theluji. Ukungu kwanza, kisha matone. Nikapangusa, kikatoka jasho tena. Nikawasindikiza wageni kwa haraka isiyo ya adabu, nikakificha kitambaa chini ya sinki, nikashika waya nichomeke kimya kimya.

Mlango ukafunguka. Mwanaidi, theluji mabegani.

"Dada, mbona kina maji?"

Hapa ndipo penye ungamo lenyewe, jamani. Kukifunika ulikuwa ujinga, kukitoa nje ulikuwa ujinga wa pili, na ujinga una msamaha wake. Lakini mimi nilimtazama yule binti machoni nikasema, "Nimekikuta hivyo. Si ulikiacha karibu na hita? Umekiunguza mwenyewe."

Akaamini!

Angebisha ningejua la kufanya, maana kubisha ndiko nilikozaliwa. Yeye alikaa na koti lake, akasema kweli asubuhi aliiona hita iko karibu akapuuza. Kisha akachukua kadi ya simu, akapiga Mombasa. Mimi niko jikoni naosha sahani zilizokwisha kuoshwa.

"Mama, usije kwanza," nikamsikia. "Kazi imeharibika. Ni uzembe wangu."

Nikapiga hesabu. Nikinyamaza, sipotezi kitu. Nikaipiga mara ya pili, kama ilivyo kawaida yangu, na mara ya pili haikutoka vile. Nikainama, nikakitoa kitambaa chini ya sinki, nikamwekea mapajani, nikamchukulia simu mkononi.

"Mama mdogo, njoo. Aliyeharibu ni mimi. Nilikifunika kisanduku chake kwa kitambaa chako kikaungua, nikakitia baridini, kisha nikamsingizia."

Ukimya wa Mombasa nao unakatwa kwenye kadi.

"Kitambaa kipi?" akauliza.

"Cha juu ya redio."

"Kazi ya chuo hufanywa tena. Kile kilinichukua Ramadhani nzima." Akashusha pumzi. "Basi nakuja nikione."

Kadi ikaisha.

Mwanaidi alikuwa amekikunjua kitambaa. Matundu yote ya kisanduku yamejichora pale kwa rangi ya kahawia, safu kwa safu, kama ushahidi wa mahakamani. Nilingoja matusi.

"Ulichomeka?" akauliza.

"Nilitaka kuchomeka."

"Sikuulizi ulitaka nini."

"Sikuchomeka."

Akafumba macho. Akasema basi kuna matumaini, kwa sababu maji peke yake hayaui kisanduku, kinachoua ni umeme ukikutana na maji. Kikauke kabisa mpaka kesho, kipulizwe, na kikiwashwa kipulizwe muda wote. Kisha akanitazama kwa utulivu ulioniumiza kuliko kofi.

"Feni unajua iko wapi."

Nilijua. Nikaendesha gari mpaka Eagan kwenye barabara ya kuteleza, nikamkuta yule Mzungu gerejini, feni iko pale pale. Akatabasamu, akataja bei, na bei ilikuwa imepanda. Nikalipa. Wasomaji, nililipa bei niliyotajiwa! Sikusikitika kwa niaba ya mtu, sikuenda kwenye gari na kurudi. Nadhani hata yeye alihuzunika kidogo, alikuwa ameshajiandaa.

Jumapili jioni tukawasha, feni ikipuliza. Kikakwaruza, kikakohoa, kikaamka. Mwanaidi akaanza kunisamehe kwa mafungu, lakini adhabu hakunifutia, kushika feni kukawa kazi yangu. Jumatatu kisanduku kilikwenda chuoni ndani ya mifuko ya plastiki na shali yangu, kikaachwa kizoee joto la darasa kwanza, ndipo kikachomekwa. Mimi nilisimama kando nimeshika feni, mkono unakufa ganzi, mpaka jengo likapata paa lake. Mwalimu mmoja akauliza mimi ni nani.

"Huyo ndiye mfumo wa kupoza," Mwanaidi akajibu kwa Kiingereza kizuri, na darasa zima likanipigia makofi. Alihitimu.

Mama mdogo alifika, akaona joho, akalia kidogo, kisha akafungua sanduku lake pale sebuleni. Alikuwa amefuma kitambaa kipya kwa ajili ya tofali letu. Ni pindo tupu, limezunguka pande zote, katikati hakuna kitu.

"Hiki kinapumua," akasema.

Kile kilichoungua aliniamuru nikitandike juu ya televisheni, doa juu, na kila mgeni akiuliza nijibu mwenyewe, bila kupunguza.

Kwa hiyo nanyi ninawaambia. Kitu kikiwa na matundu, usidhani fundi alisahau kuziba, yale ni mapua yake. Muuzaji akikutajia feni, mwache amalize kusema, kisha ndipo umbane. Na ukiharibu cha mwenzio, usimpe lawama avae, hata kama anavaa bila kubisha.

Sasa niacheni nikanyooshe sebule. Zamu imerudi kwangu, kina mama wanakuja, na kuna mgeni mmoja mpya ambaye bado hajaniuliza habari za lile doa.