Kilemba cha Kuulizia

Bibiane alivuka mpaka akitokea Bukavu na mkasi wake na vitambaa vichache, akapanga chumba Kisugu, Kampala. Haikuchukua muda vilemba vyake vikajulikana. Alikunja kitenge, akakipandisha, akakitia ushanga pembeni, na mwanamke akitoka barazani kwake alitembea shingo juu hata kama nyumbani chumvi imekwisha.

Mwaka wa pili wa serikali ya jeshi, jirani yake Lakot, mke wa polisi, alimletea kipande cha kitenge cha kijani chenye samaki wa njano. Bibiane alikijua. Kwa kitambaa hichohicho alikuwa amemshonea Opoka, mume wa Lakot, shati. Ndilo alilovaa siku watu wa gari lisilo na namba walipomchukua.

"Nifungie kilemba kikubwa, yaya," Lakot alisema, akimwita dada kwa neno la kwao Bukavu. "Kionekane mbali."

"Unakwenda nacho wapi?"

"Kila mahali. Nikiuliza kwa mdomo, na mimi watanichukua. Acha kitambaa kiulize."

Basi akawa anazunguka nacho. Katika soko la Kikuubo wachuuzi walimtania: "Eh nyabo, leo harusi ya nani? Mume hayupo, wewe ndiyo kwanza unajipamba!" Akacheka nao, huku akichungulia macho ya kila aliyemtazama kichwani. Hakuna aliyeshtuka. Akaenda mpaka Luzira, akapita mbele ya jela polepole kama mtu aliyepotea njia.

Jioni moja alirudi, akajitupa chini barazani kwa Bibiane.

"Nifungue, yaya."

"Kimekubana?"

"Kuna mama muuza samaki kule Port Bell. Ameona kichwa changu, kisu kikamtoka mkononi. Anasema ziwa lilileta mtu mwenye nguo hii. Vijana wakamzika palepale, kimyakimya."

"Kitenge hiki kimevaliwa na nusu ya Kampala," Bibiane alisema haraka. "Huyo usimsikilize."

"Anasema mfuko wa shati ulikuwa upande wa kulia."

Bibiane akashika kilemba. Opoka alitumia mkono wa kushoto, na Bibiane mwenyewe ndiye aliyeuhamishia mfuko ule upande huo.

Akachomoa pini moja moja. Kitambaa kilipoanguka mabegani, Lakot alifungua mdomo apige yowe, na barabarani askari wawili walikuwa wakija. Bibiane akamvuta ndani, akamkalisha sakafuni nyuma ya cherehani, akaanza kukanyaga pedali kwa nguvu. Sindano ilipiga chuma bila kitambaa, ili anayepita asikie kazi tu.