Nafasi ya Besi

Katika albamu ya kwanza ya muzee wetu wa rege, mwimbaji na kiongozi wa bendi, mimi ndiye niliyepiga gitaa la besi. Katikati ya kila wimbo yeye alikuwa ananyamaza, kinanda na gitaa la solo vinanyamaza, inabaki besi yangu na ngoma. Hapo ndipo rege inapopumua. Watu wa mtaa wetu wa Katoyi walikuwa wakifumba macho sehemu hiyo, nami nilijiona mtu.

Kisha vita vikaanza kutuchagulia mtindo. Mpiga ngoma wetu alikimbilia ng'ambo ya mpaka, na albamu ya pili tukaitengeneza kwa ngoma za kinanda, kavu kama mihogo iliyosahauliwa juani. Ya tatu muzee alitia sebene, yale magitaa ya kasi ya kuchezesha watu, kwa sababu harusi ndizo zilizobaki kutulisha, na bwana harusi hataki kuimbiwa habari za ukombozi. Ya nne ndiyo iliyonichefua. Alianza kutupa mabanga, ile desturi yetu ya kutaja majina ya matajiri ndani ya wimbo ili walipe, na aliyatupa wapi? Kwenye nafasi yangu. Mwuza saruji, mwenye maduka ya vitenge, wote walikanyaga besi yangu. Nilimwambia rege si gari la matangazo. Akacheka, akaniambia nile kwanza.

Kwa hiyo alipoahidi kwamba kambini Mugunga tungepiga wimbo wa albamu ya kwanza, jinsi ulivyokuwa, nilinunua nyuzi mpya. Wakimbizi walijaa mpaka juu ya mawe ya lava. Tukafika katikati, vyombo vikanyamaza, nikaanza kupiga kwa hamu ya miaka yote ile. Naye akasogelea maikrofoni, akaanza kutaja majina.

Niliacha kupiga. Nikamuuliza, "Muzee, hata hapa?"

"Hawa si matajiri," alisema. "Ni batu benye balipotea mu njia. Piga polepole, basikie."

Kumbe mchana kina mama walimfuata nyuma ya jukwaa, kila mmoja na jina la mtoto au mume waliyepotezana naye wakati wa kukimbia risasi. Jina moja likaitikiwa kule nyuma, na vigelegele vilivyofuata vikauzima wimbo wote.

Albamu ya tano tukairekodi kwa mtindo huo. Kila tunapokwenda, hata kambi ya Kanyaruchinya, watu wanaleta majina, yeye anayataja, nami nagongagonga noti moja kama mwanafunzi. Najua wanachokihitaji, na bado inaniuma. Redioni wanamsifu kwamba amebuni rege mpya. Hakuna anayeuliza besi ilikwenda wapi.

Nami nilimpa jina, la kaka yangu tuliyepotezana naye kwenye barabara ya Sake. Huwa analitaja mwisho. Likitajwa, hata ile noti moja siipigi. Nalaza kiganja juu ya nyuzi zisitoe sauti, nasikiliza, mpaka muzee ageuke kunitazama, ndipo naendelea kupiga.