Neema Apokea Begi

Sogea karibu, ndugu yangu, nikueleze jinsi tulivyokuwa mabalozi kabla hatujalijua neno lenyewe. Enzi zetu kule Singida, mgeni alionekana tangu mbali, nasi watoto tulimkimbilia peku, tukishindania mzigo wake. Aliyepata kikapu alitembea mbele kama bwana harusi, shingo ikimuuma kwa uzito wa viazi vitamu, jogoo akimkwaruza mbavu. Mama alikuwa akisema, "Mgeni akifika mlangoni na mzigo wake, nyumba hiyo haina watoto."

Leo binti yangu Neema, mwenye miaka kumi na mitano, ni balozi kijana katika kituo cha vijana hapa Maplewood, Marekani. Kazi yake ni kuwapokea wanaojiunga, kuwaonyesha vyumba, kukumbuka majina yao na kukaa nao siku ya kwanza wasile peke yao. Nikamfundisha na ile ya mzigo. Jumamosi yake ya kwanza akamnyakulia mama mmoja wa Kimarekani mkoba. Mama akaung'ang'ania kwa mikono miwili. "Baba, umeniaibisha," alilalamika garini, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Nilicheka mpaka nikapitiliza njia ya kutokea barabara kuu. Kisha nikamweleza taratibu: huku, anza kwa kuuliza.

Majuma mawili baadaye nilimpeleka tena, akaingia. Nje ya mlango nikamkuta Furaha, msichana wa familia iliyotoka Kongo, amesimama na mama yake. Alikwisha kufika hapo mara mbili, na mara zote mbili aligeuka akarudi.

"Leo akikataa, simleti tena," mama yake aliniambia. "Atabaki nyumbani na simu."

Neema akatoka kwenye theluji bila koti. Kwa vijana wa leo, koti ni la wazee.

"Furaha, nikusaidie begi?" Kiswahili hicho sikuwa nimekisikia kinywani mwake tangu Krismasi.

"Ni nzito."

"Mimi ni balozi. Ndiyo kazi yangu."

"Balozi wa wapi?"

"Wa humu ndani. Leo tuna piza."

Begi likahama bega, wakaingia wote wawili.

"Papa, ulimulea vizuri," mama Furaha akasema.

Siku hizi wageni wetu hutuma ujumbe wakiwa tayari kwenye maegesho, na watoto hukimbilia chaja tu. Mbio zile peku hazitarudi, nami nazitamani. Lakini wewe unayelea mtoto huku, mgeni akibisha hodi, usiinuke. Mwite mwanao, afungue yeye.