Jirani Aliyetazama Miguu

Juzi binti yangu kaniomba hadithi ya kutisha, saa mbili na nusu usiku, na jua la Juni bado limejaa chumbani. Nikajikuta namjibu kama bibi yangu: hadithi hazisimuliwi mchana, utaota mkia. Kanijibu kwa Kiingereza chake kwamba huu ni usiku, saa ile pale ukutani. Wee, nilicheka! Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea, maana nilimkumbuka jirani yetu wa Peckham, hapa London, nilipokuwa mtoto.

Tulikaa kwenye nyumba kuukuu iliyogawanywa fleti, nyuma ya barabara ya maduka, harufu ya ndizi za kukaanga na ya nywele za saluni ikipanda mpaka dirishani. Mama alikuwa akihudumia wazee kwa shifti za usiku, na Bibi alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa viza fupi kunilea. Chini yetu aliishi mama mmoja Mholanzi, mzee, mrefu, mwenye soksi za sufu hata kiangazi, na kazi yake ilikuwa kutisha watoto. Usicheke, ndiyo kazi iliyomlisha. Kwao alikuwa mwalimu, mpaka wazazi wakalalamika kwamba watoto wanakojoa kitandani kwa hadithi zake. Akaacha ualimu, akaandika vitabu, akaolewa London, mume akafa, akabaki na mizimu yake. Kwenye maktaba ya mtaani vitabu vyake vilikuwa vimechakaa kwa kuazimwa.

Kila akimaliza sura mpya alituita watoto wa nyumba ile jikoni kwake tukitoka shule. Alitupa mkate wa siagi ulionyunyiziwa chembe za chokoleti, akatuvua viatu, akatuketisha kwenye viti virefu, akasoma. Usoni hakututazama kabisa, alisema nyuso tunajua kuzitengeneza. Alitazama miguu. Ikiendelea kubembea, ukurasa unachanwa. Tukiipandisha kitini, ukurasa unabaki. Na katika vitabu vyake vyote, kitisho kiwe kikubwa vipi, mtoto alirudi kwao salama.

Bibi hakumwelewa hata kidogo. "Mtu mzima na akili zake, anasimulia mchana kweupe! Hebu ukienda mtazame vizuri, hajaota mkia?" Nami nilitazama, wallahi.

Bibi alikuwa na hadithi yake mwenyewe, ya majira ya baridi, giza likiingia saa kumi jioni na Mama akivaa sare ya kazi. Dada na mdogo wake wa kiume wameachwa kitandani, mama yao kaenda mbali. Nje kuna zimwi lililojifunza sauti ya mama yao. Linaita. Dada anamziba mdogo wake mdomo: usiitikie, usishuke. Bibi alikata hapo hapo kila mara, kwa raha zake. Mimi nililala miguu kifuani, namsikia Mama akifunga mlango, naiogopa sauti itakayorudi asubuhi. Niliutaka mwisho ule kuliko kitu chochote. Halafu saa zikasogezwa mbele, kama ada ya huku baridi ikiisha, siku zikarefuka, jua likawa halizami mpaka nimelala, na Bibi akafunga mdomo. "Huku kwenu hakuna usiku," akasema.

Nikamsimulia jirani nusu niliyokuwa nayo. Mwaka ule mambo yake hayakuwa mazuri. Mchapishaji alikuwa akimrudishia miswada, anamwambia watoto wa siku hizi hawaogopi. Alete kitabu kimoja cha kutisha kweli, au basi. Nilipofika kwenye ile sauti, aliweka kikombe chini. Akataka mwisho wake. Nikamwambia mwisho anao Bibi, na Bibi anapanda ndege Ijumaa.

Alipanda ngazi na soksi zake, akatundika mablanketi dirishani kwetu. Bibi akayaangalia. "Mwenzangu, jua liko nyuma ya hilo blanketi, nalijua." Jirani hakukata tamaa. Chini ya ngazi kulikuwa na kabati la mita za umeme, halina dirisha, halijaona jua tangu nyumba ijengwe. Bibi akaingiza mkono ndani, akautafuta asiuone.

"Haya," akasema, "hapa ni usiku."

Tukajibana watatu juu ya makreti ya soda, mimi katikati nikitafsiri. Paukwa, pakawa. Zimwi likaita. Na yule mdogo, kwa jinsi alivyomtamani mama yake, akaitika "Naam!" akashuka kitandani. Hakuonekana tena. Mwisho wenyewe ndio huo. Bibi akasukuma mlango tupumue, mwanga ukaingia, nikaona jirani ameipandisha miguu juu ya kreti, ameikumbatia.

Alisema polepole, nami nikamtafsiria Bibi. Alipokuwa mtoto kwao Uholanzi, bahari ilivunja ukingo wa kuizuia, maji yakaingia ndani. Yeye na mdogo wake walipanda juu ya meza. Mdogo wake akasema anamsikia mama anaita. Akashuka.

Bibi aliivuta ile miguu mapajani kwake, akaisugua mpaka ikapata joto.

Kitabu kilitoka majira ya baridi yaliyofuata. Ndani yake mdogo hakushuka. Alikaa kitandani hadi kukakucha, na mama wa kweli akarudi. Watoto wakasema hakitishi, hakikununuliwa, na jirani hakuandika tena. Nilimpigia Bibi simu Tanga kumshtakia.

"Kaiharibu hadithi yangu," akasema. Kisha akaongeza: "Mwache."

Wote wawili wameshatangulia. Nyumba ile sasa ni ya watu wenye fedha zao, mita ziko nje kwenye visanduku vya plastiki, na vitabu vya jirani maktaba iliviondoa zamani. Nawakumbuka mpaka leo, na bado sishushi miguu kitandani kabla ya kusikiliza kwanza.

Basi juzi nikamchukua binti yangu, tukaingia kabati la makoti, nikafunga mlango.

"Paukwa!"

"Pakawa," akaitika, neno pekee la Kiswahili analonipa bila kubembelezwa.

Zimwi likaita. Nikanyoosha mkono gizani kutafuta miguu yake, alikuwa ameshaipandisha. Akaniuliza kwa sauti ndogo, tena kwa Kiswahili, "Alishuka?"

Mwisho nilikuwa nao mdomoni, vile vile Bibi alivyouacha.

"Hakushuka, mwanangu," nikasema. "Hakushuka."